Nani Alikuwa Akigusa Taimingi ya Babu

Mambo yale yote yalitugharimu jogoo mmoja mwekundu, kucha ya gumba la kulia la Babu, na mikungu kumi na minne ya ndizi iliyoivia kwenye kilima cha ng'ambo ya Manga ikingoja gari liwake. Nimehesabu mara mbili. Jogoo ningemtoa kwenye hesabu, kwa kuwa tulimla wenyewe, lakini Nyanya alimhesabu kama hasara mpaka mwisho wa maisha yake, nami sijawahi kuishinda hesabu ya Nyanya.

Juzi nilikuwa mjini Kisii, nyuma ya soko, nikivutana bei na kijana anayeuza mabeseni. Ng'ambo ya barabara fundi alikuwa ameinamia pikapu kuukuu huku mwenzake akipiga stata. Injini ikakohoa, ikapiga kishindo kwenye ekzosi, kisha ikaja ile harufu: petroli ambayo haikuungua vizuri, chuma cha moto, na ndani yake utamu fulani kama wa sukari iliyosahauliwa jikoni. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye pochi, ukabaki humo humo. Kijana akadhani nimeikataa bei yake, akapunguza shilingi ishirini. Nikalipa. Nilirudi nyumbani na beseni la bei nafuu na moyo mzito, nikaanza kuwakagua upya watu wa boma letu, mmoja mmoja, kama nilivyowakagua nikiwa na umri wa miaka tisa.

Babu alikuwa na pikapu ya kijani, kijani kile cha majani chai yaliyolala kwenye gunia usiku mzima. Ilikuwa kuukuu siku aliyoinunua, kwa hiyo ilipozidi kuzeeka hakuna aliyeona tofauti. Iliwaka kwa stata ikiwa na hisani, na ikikosa hisani iliwaka kwa hendeli, ile fimbo ya chuma unayoingiza kwa mbele na kuizungusha kwa nguvu kama unasaga mahindi. Ndiyo iliyobeba ndizi zetu hadi soko la Keumbu na kurudi na chumvi, sabuni na umbeya. Siku ya Sabato iliwabeba wazee waliochoka miguu hadi kanisani, wakikaa nyuma kwa mabenchi, wameshika Biblia kwa mkono mmoja na kofia kwa mwingine. Boma letu lilikuwa boma kwa sababu ya gari lile. Bila hilo tungekuwa watu wa kawaida wenye migomba mingi.

Nyumbani tulikuwa Babu, Nyanya, Mama, mimi, na Baba mdogo Mogaka, mdogo wake Baba, ambaye alikuwa hajaoa na ambaye kila jambo alikuwa na bei yake. Baba mwenyewe alifanya kazi Mombasa, akija Desemba. Ninyi mliolelewa hivyo mnajua maana yake. Mwanamke ambaye mume wake yuko mbali anaishi katika boma la watu wengine kama mgeni aliyekaa sana. Akikosea, hakuna wa kumtetea kabla ya Desemba.

Gari lilianza kuugua msimu wa mvua ndefu. Asubuhi moja liliwaka kwa kishindo, hendeli ikarudi nyuma na kumpiga Babu gumbani. Kucha ikawa nyeusi, kisha ikaanguka. Kesho yake likawaka kwa upole kama mtoto mchanga, lakini mlimani likanuna. Siku iliyofuata likagonga tena. Gari halikuwa na ugonjwa mmoja. Lilikuwa na ugonjwa wa zamu.

"Gari hii inachezewa," alisema Baba mdogo Mogaka tukiwa tunakula. Alisema akiangalia mboga, lakini sote tulijua hakuwa anazungumza na mboga. "Uzee hauendi na kurudi. Mtu wa humu ndani anaichezea."

"Nani achezee gari ya mzee?" Nyanya akauliza.

"Mimi sijataja mtu. Nimesema tu kuna mtu mjini atainunua kama chuma chakavu kabla haijaisha yote."

Kuanzia siku hiyo nililala nikiwa na orodha ya washukiwa kichwani. Wa kwanza alikuwa Baba mdogo mwenyewe, maana nilishajua, hata katika umri ule, kwamba anayeharakisha kutaja mnunuzi huwa ameshaongea naye. Tena yeye ndiye aliyetumwa petroli, na alinunua ile ya madebe ya kando ya barabara, ambayo ilikuwa na mafuta ya taa ndani kama maziwa ya dukani yalivyo na maji. Wa pili alikuwa jirani yetu mmoja mwenye wivu. Mama hakuwa kwenye orodha. Mtu hamweki mama yake kwenye orodha mpaka amwone kwa macho.

Nilimwona kwa macho. Ilikuwa jioni, baada ya kukamua, saa ile Babu huingia kwake kusikiliza redio kwa sauti ya kusumbua kijiji kizima. Nilitumwa kuni, nikapita kwenye migomba, nikaona boneti ya pikapu imefunguliwa. Boneti ya gari lile ilifunguka kwa kuelekea mbele, si kama za siku hizi. Ubavuni mwake alisimama Mama, leso ameifunga kiunoni, amejificha nusu. Mkononi alikuwa na kibalbu kidogo kama cha taa ya nyuma, kimefungwa nyaya mbili. Alizungusha hendeli kidogo kidogo kwa mkono mmoja. Kibalbu kikawaka. Kikazimika. Akarudisha, kikawaka. Akasogeza, kikazimika. Aligusa kitu ndani ya injini, akarudia tena, na kila mara kilipozimika alitikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa.

Boma letu liko juu kabisa kwenye ukingo wa Manga. Ukisimama pale kwenye gari, bonde lote liko miguuni mwako, na upande wa mbali, penye ukungu, ndiko Keumbu walikokaa watu wa Mama. Basi mimi nilielewa mara moja. Mama alikuwa akitoa ishara. Alikuwa akiwasha na kuzima kuwaambia watu wa kwao waje kumchukua.

Msinicheke. Kwetu mwanamke aliyechoka hakupiga kelele. Alifunga leso asubuhi akasema anakwenda kusalimia, na akakaa huko mpaka wazee wamfuate, au wasimfuate. Watoto walibaki, kwa sababu watoto ni wa boma. Nilikuwa nimeona wanawake wawili wakiondoka hivyo na mmoja tu akirudi. Nilipochungulia chini ya kitanda cha Mama nikakuta kopo la kakao lenye balbu, waya, spana moja na kipande cha msasa, sikuona vifaa vya fundi. Niliona mzigo wa safari.

Nikaanza kumlinda. Nilimfuata mtoni, nilimfuata kwenye majani chai, nililala nimeshika ncha ya nguo yake. "Kwani wewe ni kupe?" aliniuliza. Sikumjibu. Kupe hajibu, anashika tu.

Nilimlinda hivyo hata alfajiri, na ndiyo sababu nilimwona wa pili. Jua lilikuwa halijatoka bado, ila kuku walikuwa wameshashuka. Babu alikuwa kwenye gari, boneti wazi, gumba limefungwa kitambaa. Aliinama, akapuliza vumbi, akatazama kitu kwa muda mrefu sana, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayedhani ananong'ona, "Tena!" Akatoa spana mfukoni, akalegeza, akazungusha kitu kile kile alichokuwa amekigusa Mama jioni, akakaza. Halafu akakipiga kofi dogo, kama unavyompiga ng'ombe aliyerudi zizini.

Kwa mwenzangu ambaye hakukulia karibu na injini, nieleze nilichokuja kukijua baadaye. Ndani ya injini ya petroli kuna cheche, na cheche ina wakati wake. Ikija mapema, injini inagonga kwa ndani kama mtu anayetikisa misumari kwenye kopo, na hendeli inaweza kukurudia ikakuvunja mkono. Ikichelewa, gari linanuna na halivuti. Wakati huo ndio mafundi wanauita taimingi. Kwenye magari ya zamani uliupanga kwa mkono, kwa kuzungusha distributa, kile kidude cheusi chenye nyaya nyingi, upana wa ukucha tu, kisha ukakaza bolti moja. Fundi asiye na mashine aliunganisha kibalbu: pale kinapozimika, ndipo cheche inapozaliwa. Baba yake Mama alikuwa fundi wa kando ya barabara Keumbu, na Mama alimshikia kibalbu tangu akiwa mdogo kuliko mimi.

Lakini asubuhi ile sikujua lolote kati ya hayo. Nilijua tu kwamba Mama anatuma ishara jioni na Babu anazifuta alfajiri. Nikafurahi. Babu hataki aondoke! Kisha nikafikiri upya, kama ninavyofikiri bei mara ya pili, na furaha ikaisha. Mtu anayejua kwamba mke wa mwanawe anatoroka, mbona asimwambie? Mbona anafuta kimya kimya na kuketi naye mezani kana kwamba hakuna kitu? Nikaanza kumwogopa Babu. Niliwaza labda anamngoja akosee zaidi, amfukuze kabisa.

Nilikuwa mtu pekee katika boma lile aliyewaona wote wawili, na sikusema, kwa sababu nilikuwa bado sijajua siri ile ni mali ya nani.

Mambo yakaharibikia kilimani, siku ya soko. Babu usukanini, Baba mdogo kando yake, nyuma mimi na Mama juu ya mikungu kumi na minne. Tulikuwa tumeshuka bonde na sasa tunapanda upande wa pili. Injini ikaanza kutikisa misumari. Nilimwona Mama amefumba macho na kukaza taya, kama mtu anayemsikia mtoto akikohoa chumba cha pili. Kisha ikapiga kishindo kimoja, moshi mweusi ukatoka, gari likazima. Halikuwaka kwa stata, halikuwaka kwa hendeli. Lilivutwa na ng'ombe kurudi nyumbani, aibu ambayo watoto wa shule waliifanyia wimbo. Ndizi zilibaki mlimani chini ya majani, na tulipozifuata zilikuwa zimeshakuwa za njano na za tumbili.

Jumapili ikaitwa baraza ya nyumbani. Walikaa uani: Babu kwenye kigoda chake, Nyanya kwenye mkeka, wazee wawili wa ukoo kwenye benchi moja la gari. Mama alisimama kando ya mlango wa jikoni, mbali na Babu kama inavyopasa. Baba mdogo hakuketi. Alikuja na kopo la kakao, akaligeuza, vitu vikamwagika mavumbini.

"Nilitafuta," akasema. "Nikapata wapi? Chini ya kitanda cha mke wa kaka. Waya. Spana. Balbu. Jamani, mwanamke anapika na spana?"

Mzee mmoja akachukua kile kibalbu, akakigeuza, akakirudisha chini haraka kama kinaweza kumng'ata.

"Mokamwana," Nyanya akasema, akimwita kama wakwe wanavyoitwa kwetu, "hivi vitu ni vyako?"

"Ni vyangu, Mama."

"Umeigusa gari ya mzee?"

Mama akatazama chini. "Nimeigusa."

"Kwa nini?"

Nilimwona Mama akifungua mdomo mara mbili na kuufunga. Sikuelewa ni jibu gani zito hivyo. Nimeelewa nikiwa mke wa watu. Jibu lilikuwa kwamba Babu alikuwa hasikii tena. Gari liligonga kila siku mlimani, kila mtu aliyekaa nyuma alilisikia, na dereva hakulisikia. Mkaza mwana angesemaje hilo? Kwetu kuna chinsoni, heshima ile yenye mipaka. Yeye na baba mkwe hawapeani mkono, hawakai kiti kimoja, hawainamii kitu kimoja bega kwa bega, na hakika hamwambii mbele ya wazee kwamba masikio yake yamekufa. Tena mbele ya Baba mdogo, aliyekuwa akisubiri sababu moja tu ya kumpokonya usukani.

"Ananyamaza," Baba mdogo akasema. "Basi. Gari iende kwa mnunuzi, na huyu aende kwao. Baba yake ni fundi, aje atueleze alimtuma afanye nini hapa."

"Kesho asubuhi," Nyanya akasema polepole. "Aende Keumbu kesho. Baba yake akija, tutasikia."

Nikamtazama Babu. Alikuwa akiliangalia gumba lake.

"Ni Babu," nikasema.

Sijui nilitoa wapi sauti. Wote wakageuka.

"Nini?" akauliza Baba mdogo.

"Babu pia anagusa. Asubuhi. Mama akigusa jioni, Babu anagusa asubuhi. Nimewaona."

"Mtoto, unamsema babu yako?" mzee wa pili akauliza, akishika fimbo.

"Simsemi. Nimemwona. Mnaweza kunichapa, nitakuwa bado nimemwona."

Kisha Babu akainua kichwa, akanitazama mimi, si Mama, akasema, "Ni kweli. Nairudisha mahali pake. Nilichora alama kwa msumari siku niliyoinunua. Kila asubuhi ninayoikagua nakuta imesogezwa. Mwambie mama yako: nani anaitoa mahali pake?"

Mama alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Akanijibu mimi. "Mwambie babu yako ni mimi. Nami naiweka mahali pake."

"Mwambie gari ina alama yake, kama ng'ombe."

"Mwambie alama ilikuwa ya injini changa na petroli safi. Sasa injini imejaa masizi na petroli ni ya madebe."

Wazee wote wawili wakamgeukia Baba mdogo, ambaye ghafla alianza kuokota vitu vya Mama na kuvirudisha koponi.

Fikirieni. Wiki baada ya wiki, watu wawili wa boma moja walitengenezeana kosa. Huyu jioni, yule asubuhi, kila mmoja akiwa na uhakika kwamba kuna mharibifu, kwa sababu hawangeweza kusimama kwenye boneti moja wakaulizana.

"Sasa nani yuko sawa?" mzee akauliza.

"Kilima kitasema," Babu akasema. "Apande nami, asikilize."

Nyanya akasimama. "Apande wapi? Kebini? Mokamwana na baba mkwe, kiti kimoja, gari ikiruka mashimo goti kwa goti? Si kwangu!"

"Mtoto atakaa katikati."

Ndivyo nilivyokuwa ukuta. Babu aliirudisha distributa kwenye alama yake, wazee wakasukuma gari mteremkoni mpaka likawaka, tukashuka bondeni, tukageuza, tukaanza kupanda. Babu upande mmoja ananukia tumbaku aliyodai hanusi, Mama upande mwingine ananukia moshi wa jikoni, amebana mlango hadi nikaogopa utafunguka. Mimi nilitanua viwiko kuwatenga. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na nimewahi kuuza sufuria mwezi wa Januari.

Katikati ya kilima misumari ikaanza kutikisika.

"Mwambie babu yako inagonga," Mama akasema.

"Babu, inagonga."

"Wapi? Mimi nasikia injini tu."

Mama alitazama dirishani. Babu akapunguza mafuta, akainamisha kichwa kuelekea usukani, akasikiliza. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta ufunguo mfukoni akijua mfuko umetoboka. Kisha akaniuliza, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo kweli:

"Wewe unasikia?"

Nilijua swali hilo lina bei, ila sikujua ni nani angelipa. Nikisema sisikii, Mama anakwenda Keumbu. Nikisema nasikia, kuna kitu kingemtoka Babu ambacho hakingerudi.

"Nasikia, Babu. Kama misumari kwenye kopo."

Aliendesha mpaka penye kona tambarare, akazima, akashuka, akaweka mawe kwenye magurudumu. Akafungua boneti. Ikainuka kuelekea mbele kama pazia. Yeye akasimama mbele, nje ya pazia, na hendeli. Mama akasimama ubavuni, ndani ya pazia, na kibalbu. Hawakuonana hata sikio. Spana Babu aliiweka juu ya jiwe, akasogea. Mama akaichukua jiweni.

"Mwambie bolti imeisha meno," Mama akasema kutoka ndani. "Imefunguliwa na kufungwa mno. Ndiyo maana distributa ilizunguka yenyewe siku ya soko."

Nilipomwambia, Babu alicheka. Alicheka peke yake, kwa muda, akiegemea taa ya mbele, akirudia, "Mara mbili kwa siku! Mara mbili kwa siku!" Kisha akaenda nyuma, akang'oa bolti moja ya benchi lililobaki garini, lile la wazee wa kanisani, akaiweka juu ya jiwe.

"Mwambie azungushe polepole," Mama akasema alipokwisha kuitia.

"Babu, polepole."

"Mwambie asimame."

"Simama!"

Kibalbu kikazimika. Mama akakaza. Tulipanda kilima chote bila msumari hata mmoja, na kileleni Babu alishusha dirisha akawapungia watu mkono kama mgombea kiti.

Hakuna aliyekwenda Keumbu kesho yake. Wazee waliambiwa gari lilikuwa na bolti mbovu, na hilo lilikuwa kweli. Kuhusu masikio hakuna aliyesema, wala mimi. Nyanya, ambaye hakukosa Sabato hata moja, alisema mwiko wa kiti kile kimoja hauwezi kuachwa bila kutakaswa. Aliomba kwanza, halafu akanoa kisu, na jogoo mwekundu akalipa. Tangu siku hiyo petroli ilinunuliwa kituoni, na kila safari ya mlima mimi nilikaa karibu na Babu. Hakuwahi kusema kwa nini. Alinigusa goti tu, nami nilimwambia kama inagonga au haigongi.

Ningeiachia hapo, na wengi wangesema imeisha vizuri. Lakini nilipokwenda Manga mara ya mwisho nilimkuta Mama akimenya ndizi, na kwa kuwa ile harufu ya mjini ilikuwa bado puani, nikamuuliza jambo ambalo sijui kwa nini sikuwahi kuliuliza.

"Mama, boneti ya lile gari ulikuwa unaifunguaje?"

"Si kulikuwa na kishikio chini ya usukani."

"Ndani?"

"Ndani."

"Lakini Babu alifunga milango hata akienda kanisani. Hata akienda chooni."

Akamenya ndizi nyingine, akaitumbukiza majini. "Jioni mlango ulikuwa wazi," akasema. Kisha akaniuliza sukari mjini imefika shilingi ngapi.

Nimefanya biashara miaka mingi. Namjua mtu asiyetaka kuuza. Nikamtajia bei ya sukari. Lakini tangu siku hiyo sipumziki. Kama Babu alisahau kufunga, alisahau kila jioni na kukumbuka kila usiku, na mzee wa namna hiyo sijawahi kumwona. Kama aliuacha wazi makusudi, basi alijua tangu mwanzo ni nani. Labda alikuwa akimpa gari jioni na kulipima asubuhi, akibishana naye kwa njia pekee iliyoruhusiwa, na hilo lingenifurahisha. Ila basi alikuwa akijua pia Jumapili ile, alipoketi kwenye kigoda, kopo likimwagwa mbele yake. Alijua Nyanya aliposema kesho asubuhi. Aliliangalia gumba lake. Mimi nilikuwa na miaka tisa nikasema, yeye alikuwa mwenye boma akanyamaza. Je, alikuwa anatafuta maneno, na mimi nikamtangulia? Au alikuwa tayari kumwacha mke wa mwanawe aondoke, mradi Mogaka asijue kuhusu masikio yake?

Babu amelala chini ya mikaratusi, hawezi kuulizwa. Mama anajua. Alimpikia mzee yule uji hadi siku yake ya mwisho, na sijui kama alimpikia mtu aliyemwachia mlango au mtu aliyemwachia aibu, au kama alishasamehe na mimi ndiye ninayechimbua. Ninyi wa rika langu, mlioachiwa wazazi wanaomenya ndizi na kubadilisha maneno, nishaurini: nimuulize waziwazi, au nimwache? Tafadhali mnishauri upesi. Mwezi huu ameanza kuniambia nirudie ninayosema.